Uzi: Bei ya kudai haki mahakamani. Nimepiga hesabu yangu, naileta tuijadili

Msumari wa Nchi Nne:

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni seremala, nina karakana Keko hapa Dar es Salaam. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni daftari la shule, lile la kurasa 64. Ndani yake nimegandisha kwa gundi ya mbao tiketi za daladala za safari tisa za Mahakama ya Mwanzo, zangu na za kijana wangu wa karakana. Jana usiku niliketi nikajumlisha. Baada ya jumla ile usingizi haukuja.

Kisa chenyewe: mwenye nyumba ya wageni mmoja, jina nalihifadhi, aliniagiza vitanda 12 vya mkongo, futi nne kwa sita, kila kimoja 380,000. Jumla 4,560,000. Akatanguliza 1,900,000. Nikapeleka vitanda vyote, tukavifunga chumba kwa chumba, akakagua, akashukuru. Zikabaki 2,660,000. Kuanzia wiki ya pili simu ikawa haipokelewi. Wageni wanalala juu ya mbao zangu, yeye anakusanya kila asubuhi.

Nikaenda kushtaki. Ada ya kufungua na fotokopi za makubaliano jumla zilinitoka 70,000, nikajua nimemaliza matumizi. Kumbe ndiyo kwanza naanza.

Tarehe ya kwanza mdaiwa hakufika. Ya pili hakufika, na wito haukuwa umerudi na sahihi yake. Ya tatu alifika akaomba muda wa kutafuta nyaraka. Ya nne hakimu alikuwa kwenye mafunzo. Ya tano tulikaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi, mimi na kijana wangu ambaye ndiye shahidi, maana vitanda alivifunga yeye kwa mkono wake. Kijana nilikuwa namleta kila tarehe kwa sababu hujui ni lini mtaitwa. Siku hiyo alivaa shati jeupe alilonunua kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Saa saba na nusu karani akatoka na mafaili, akasoma majina, la kwetu likawa la mwisho: tarehe nyingine. Kijana akaniuliza polepole, "Bosi, na leo nalipwa?" Nikamlipa. Ningemwambia nini?

Sasa hesabu ya kila tarehe. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, 4,800. Chakula, 6,000. Posho ya kijana, ambaye siku hiyo hakushika randa, 20,000. Mimi nikifunga karakana siku moja sipotezi chini ya 35,000. Jumla 65,800. Zidisha kwa tisa: 592,200.

Tarehe ya tisa, nje, chini ya mwarobaini, mdaiwa akaniambia chukua 1,900,000 leo tumalizane. Nilichukua. Toa 592,200, toa na zile 70,000 za mwanzo, mkononi nilibaki na 1,237,800. Haifiki nusu ya deni langu. Yeye ameokoa 760,000 kwa kazi ya kutokuja tu, na amekaa na pesa yangu miezi 14 bila riba. Benki gani ingempa mkopo wa namna hiyo?

Na hapa ndipo usingizi uliponipaa. Je, kama angekuwa amenidhulumu kitanda kimoja tu, 380,000? Nisingekwenda. Ningetumia karibu laki sita kufuata laki tatu na themanini. Kwa hiyo kwa mtu kama mimi, dhuluma yoyote iliyo chini ya laki sita na nusu ni halali kwa vitendo, hata kama kitabuni ni haramu. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo Bungeni. Imetungwa na bei ya tarehe.

Nimekuwa nikisoma jambo hili kila nipatapo nafasi. Mtu hushtaki pale anachotarajia kupata kinapozidi anachotarajia kutumia. Ukidai 1,000,000 na unaona una nafasi saba kati ya kumi za kushinda, kesi yako ina thamani ya 700,000 kabla hujatoa hata nauli. Gharama zikifika hapo, unakaa nyumbani. Sasa wakubwa wanaosimamia mahakama wana bomba kadhaa mkononi: ada ya kufungulia, dhamana ya gharama (pesa unayoweka kwanza mahakamani), muda wa ukomo (siku ya mwisho ya kufungua kesi), nani amlipie mwenzake wakili, nani anaruhusiwa kushtaki. Wakikaza bomba lolote kesi zinapungua, wakilegeza zinaongezeka. Swali langu kwa wadau: zikipungua, zinazopungua ni zipi? Za uongo, au zetu sisi wa laki tatu?

Karibuni.

Bi Hati:

Pole sana, fundi. Mimi ni wakili, mwaka wa 12 sasa, na hesabu yako ya tarehe ndiyo hesabu ambayo wateja wengi hawaifanyi mpaka wamekwisha kuumia.

Niongeze mambo mawili matatu ya kisheria. Kanuni kwetu ni kwamba aliyeshindwa humlipa aliyeshinda gharama. Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema hivyo, na hakimu akiamua vinginevyo anatakiwa aandike sababu. Tumeirithi kwa Mwingereza kama tulivyorithi majoho. Wewe ungeendelea mpaka hukumu, ungeweza kuomba gharama. Lakini nikuambie ukweli wa kazini: kinachorudi ni ada, nauli, fotokopi na mambo yenye risiti. Siku ambayo karakana ilifungwa, lile shati jeupe, ile hasira, havina risiti. Ukishapata hukumu unaanza safari nyingine ya kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa, umtafute dalali wa mahakama, umwonyeshe mali ya mdaiwa iko wapi. Mdaiwa wako alilijua hilo alipokuja na milioni moja na laki tisa.

Na unaposema bomba, nakuletea bomba moja lililowahi kukazwa na likafunguliwa na Mahakama ya Rufani. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikataka anayepinga matokeo ya ubunge aweke kwanza 5,000,000 mahakamani kama dhamana ya gharama. Asipoweka, kesi haipangiwi tarehe. Milioni tano za mwaka ule, fikirieni. Julius Ishengoma Francis Ndyanabo akalipinga sharti hilo, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Barnabas Samatta akiisoma hukumu, ikasema kifungu kinakwenda kinyume na Katiba. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba dhamana inazuia kesi za kipuuzi. Jibu la Mahakama, kwa maneno yangu mimi: kiasi hicho hakipimi upuuzi wa kesi, kinapima mfuko wa mwombaji. Tajiri mwenye kesi ya ovyo anapita, maskini mwenye kesi nzuri anabaki nje. Baadaye sheria ikaandikwa upya, milioni tano ikawa ukomo wa juu kwa kila mjibu maombi, yaani kila anayeshtakiwa, na asiyeweza ana njia ya kuomba nafuu.

Kila nikifundisha vijana ofisini nawaanzishia na kesi hiyo.

Afisa Madai:

Naomba niseme kutoka upande ambao hausemwi. Nafanya kazi kwenye bima, idara ya madai. Kazi yangu ni kushtakiwa.

Mleta mada umedhulumiwa, hilo halina ubishi. Lakini mezani kwangu zinakuja barua za madai ambazo anayeziandika anajua, na mimi najua, kwamba hazina mguu. Anadai 3,000,000 kwa gari lililokwaruzwa taa. Nikimpa wakili aitetee kesi mpaka mwisho, nitatumia zaidi ya hiyo milioni tatu. Kwa hiyo nikimwita nikampa laki nane, kampuni imepata faida kwenye karatasi. Na wenzake wakisikia, wiki ijayo wako kumi. Hela hizo zinatoka wapi? Kwenye malipo ya bima yako wewe na bodaboda wako.

Ndiyo maana nasema mlango lazima uwe na bei. Maji ya bure humwagwa.

Msumari wa Nchi Nne:

Afisa, nakuelewa, na nakushukuru kwa uwazi. Lakini angalia ulichoandika. Mtu huyo anakuuzia kesi mbovu kwa sababu kesi kuiendesha mpaka mwisho ni ghali kwako. Mdaiwa wangu alinikata 760,000 kwa sababu kesi kuiendesha mpaka mwisho ni ghali kwangu. Ni ugonjwa mmoja umetukuta pande mbili. Kesi zingekuwa zinaisha ndani ya siku chache, yule wa taa asingekuwa na cha kukuuzia, na wangu asingekuwa na cha kununua.

Ada ya mlangoni haitibu hilo. Yule wa taa anailipa kama mtaji.

Mtoto wa Ilala, Leicester:

Wakuu, niko Uingereza miaka mingi, nimefanya kazi za maghala na za kutunza wazee. Mada hii huku ilishapimwa kwa macho yetu.

Mabaraza ya kazi huku yalikuwa bure. Mwajiri akikunyima mshahara au akikufukuza bila haki unapeleka lalamiko lako. Julai 2013 serikali ikaweka ada. Madai mepesi kama mshahara usiolipwa jumla pauni 390, madai mazito kama ubaguzi au kufukuzwa kazi jumla pauni 1,200. Sababu iliyotolewa ndiyo hiyo ya Afisa: kupunguza kesi zisizo na kichwa wala miguu na kuwapunguzia walipa kodi mzigo.

Kesi zilishuka kwa theluthi mbili na zaidi. Kati ya asilimia 66 na 70! Pale nilipokuwa nafanya kazi kulikuwa na mama mmoja aliyekatwa mishahara ya wiki mbili, pauni mia nne na ushee. Tulimwambia apeleke. Akauliza ada. Tulipomwambia akacheka kidogo, akavaa koti lake akaenda zamu ya usiku. Sijamsahau.

Chama cha wafanyakazi cha UNISON kikapeleka suala hilo mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Julai 2017 ada zote zikafutwa, waliolipa wakarudishiwa. Jambo ambalo nataka Afisa alisome mara mbili: kama ada ingekuwa inachuja kesi mbovu, zilizobaki zingekuwa nzuri zaidi na asilimia ya wanaoshinda ingepanda. Mahakama iliangalia takwimu. Baada ya ada, sehemu ya madai yaliyoshinda ilikuwa ndogo kuliko kabla. Chujio lilikuwa linatoa mchele na kubakiza mawe.

Mwl Chausiku:

Asante sana Mtoto wa Ilala. Mimi nafundisha uchumi sekondari na hukumu hiyo ya Uingereza niliwahi kuisoma kwa sababu jaji wake, Lord Reed, alizungumza kiuchumi kuliko wachumi wengi.

Serikali ilikuwa imesema mahakama ni huduma kama nyingine, anayeitumia ndiye anayefaidika, basi alipie. Akasema hapana. Kesi moja ikiamuliwa, maelfu ambao hawatakanyaga mahakamani maisha yao yote wanafaidika, kwa sababu waajiri na wafanyabiashara wanajua mpaka uko wapi. Akamtaja mama wa Donoghue v Stevenson. Mawakili humu wanaijua. Mwaka 1928 huko Paisley, Scotland, May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi, chupa nyeusi isiyoonyesha ndani, ikatoka konokono aliyeoza. Akadai pauni 500. Kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati ule, na alitakiwa aweke dhamana ya gharama. Hakuwa nayo. Akaomba aendeshe shauri kama maskini, akakubaliwa, na mwaka 1932 ikatoka hukumu ambayo mpaka leo inatumika hata kwenye mahakama zetu: mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji hata kama hakumuuzia kwa mkono wake. Kila chupa ya soda unayomnunulia mtoto Kariakoo ina kivuli cha mama yule. Wangemwambia "lete dhamana kwanza", basi.

Mchumi Steven Shavell wa Chuo Kikuu cha Harvard alilieleza hili mwaka 1982 kwa hesabu. Anayeshtaki hupima faida yake na gharama yake tu. Hahesabu gharama anazomsababishia mwenzake na mahakama, kwa hiyo kesi zinaweza kuzidi kiasi kinachofaa. Lakini pia hahesabu faida wanayopata wengine pale mkosaji anapotiwa adabu, kwa hiyo kesi zinaweza kupungua kuliko inavyofaa. Yote mawili yanawezekana kwa wakati mmoja kwenye nchi moja. Afisa ana kesi nyingi mno mezani, fundi na wenzake wana chache mno. Bomba moja haliwezi kutibu hayo mawili.

Mwana wa Likoni:

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu.

Kwetu Kenya dawa iliyojaribiwa kwa shida ya huyu fundi ni Korti ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, korti yenyewe ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikaenea kaunti nyengine. Mwanzo kikomo kilikuwa laki mbili, kikapandishwa mpaka shilingi milioni moja za Kenya. Kesi yatakiwa iishe kwa siku 60 tangu kufunguliwa. Ikianza kusikizwa husikizwa siku kwa siku, kuahirisha hakuruhusiwi ila kwa dharura isiyotarajiwa, na hukumu hutoka siku ile ile au isizidi siku tatu. Rufaa ni kwa hoja ya sheria pekee.

Mimi nilidai kodi ya duka huko. Nilikwenda mara tatu. Tatu, si tisa. Ya mwanzo tukaulizwa kama twaweza kupatana, ya pili tukasikizwa, ya tatu nikachukua karatasi yangu.

Yapo ya kulaumu. Kesi za ajali za barabarani nazo zaruhusiwa mle, na mawakili wamezijaa, hata mwenye duka kama mimi akiingia ajiona yuko ugenini. Lakini nasema: wenye kutunga sheria ile walikaza bomba la tarehe, si bomba la mlango. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 48, yasema ada ikiwapo iwe ya kadiri na isimzuie mtu haki.

Kwenye uchaguzi lakini milango bado ina bei. Kupinga urais ni dhamana ya milioni moja, ugavana au ubunge laki tano, mwakilishi wadi laki moja.

Msumari wa Nchi Nne:

Mwana wa Likoni, umenigusa pale pale. Mara tatu! Nimerudi kwenye daftari langu. Tarehe tatu kwa 65,800 ni 197,400. Kwa bei hiyo hata kitanda kimoja cha 380,000 kinadaiwa. Yaani bila kugusa ada hata shilingi, mtu wa laki tatu anaingia mlangoni. Na mdaiwa akijua tutamaliza kwa tarehe tatu, hana cha kusubiri, atalipa kabla.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: kwa mtu mdogo tarehe ndiyo ada. Wanaopima kama mahakama ni nafuu wanatazama jedwali la ada. Watazame benchi la korido.

Zuhura M.:

Naomba niulize kuhusu kazi. Nilikuwa mhudumu hoteli moja, tukapunguzwa watu sita bila notisi. Nikaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, nikajaza fomu namba moja, sikulipishwa kitu. Tukakaa na msuluhishi, mwajiri akalipa sehemu kubwa. Kwangu ilikuwa nyepesi. Mwenzangu alisubiri kwa sababu meneja alimwahidi kumrudisha, alipokwenda akaambiwa amechelewa. Hapo ni haki kweli?

Bi Hati:

Dada Zuhura, hapo umeonyesha bomba jingine. Kwenye migogoro ya kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haitozi ada, na hata Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, haimwamuru aliyeshindwa kulipa gharama isipokuwa shauri liwe la kipuuzi au la usumbufu. Kwa hiyo mfanyakazi haogopi kuingia. Nadhani ni sawa kabisa, maana mfanyakazi aliyefukuzwa ana nini cha kulipia? Lakini sheria haikuacha mlango wazi usiku na mchana. Imeweka muda: kuachishwa kazi isivyo haki ni siku 30, migogoro mingine siku 60. Linganisha na deni la fundi. Mkataba wa kawaida una miaka sita, madhara ya uzembe miaka mitatu, ardhi 12. Siku 30 ni fupi sana kwa mtu anayezungushwa na ahadi. Mwenzako bado anaweza kuomba kuongezewa muda, aeleze kwa kiapo kila siku aliyochelewa. Ahadi ya meneja kama ipo kwenye ujumbe wa simu, aichapishe.

Na kuishtaki Serikali pia kuna lango lake: notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Halmashauri nazo zimo humo. Mama anayedai laki nane kwa halmashauri kwa kazi ya kushona sare anatakiwa aende Mahakama Kuu. Hili linaniuma, nasema wazi.

Mwaka huo huo wa 2020 ikarekebishwa na sheria ya kudai haki za msingi, ikamtaka mwombaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila alikubaliwa na Jaji Lugakingira kushtaki kwa maslahi ya umma, jaji akiona kwamba katika nchi ya watu maskini wasiojua haki zao, mmoja akisimama kwa niaba ya wengi asifukuzwe. Marekebisho yale ya 2020 yalikuwa kukaza bomba bila kutoza hata senti.

Afisa Madai:

Wakili, nimekusoma wewe na Mtoto wa Ilala, na takwimu ile ya Uingereza imenifanya nifikiri upya. Sitaki kuonekana natetea ada. Ninachotaka ni mtu mwongo alipe. Kule Marekani, nijuavyo, kila mtu anajilipia wakili wake hata akishinda, na wakili wa mdai mara nyingi analipwa theluthi ya kitakachopatikana. Si ndiyo chanzo cha kesi zao kuwa nyingi?

Bi Hati:

Ni sehemu ya sababu, lakini tazama upande wa pili. Wakili anayelipwa akishinda tu hachukui kesi mbovu, maana atakula hasara yeye. Anakuwa yeye ndiye mlinzi wa mlango. Shida ni kwamba hachukui pia kesi nzuri iliyo ndogo. Theluthi ya kitanda ni nini? Kenya mpango huo umepigwa marufuku na Sheria ya Mawakili.

Kuhusu mwongo kulipa, silaha ipo mkononi mwa hakimu: gharama. Si lazima zisubiri hukumu. Upande ukisababisha ahirisho lisilo na sababu, mwombe hakimu pale pale amwamuru alipe gharama za siku hiyo. Mawakili tunafanya hivyo. Watu wanaojisimamia wenyewe hawajui kuwa wanaweza kuomba. Fundi, mara ya tatu mdaiwa alipoomba muda wa nyaraka, ungesimama ukasema: "Mheshimiwa, nimekuja na shahidi, naomba nilipwe gharama za leo, hizi hapa." Na daftari lako mkononi.

Msumari wa Nchi Nne:

Sikujua. Nimekaa kwenye benchi lile mara tisa na hakuna aliyeniambia. Ingebandikwa karatasi moja tu ukutani, kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Dada wa Tandika:

Shikamooni wakubwa. Nimeusoma uzi wote kimya kimya. Mimi ndiye yule mshonaji aliyesemwa na wakili, ila changu si cha halmashauri, ni shule ya watu binafsi. Nimeshona sare, nadai 420,000. Nimezungushwa tangu muhula uliopita. Je, niende au niache?

Msumari wa Nchi Nne:

Marahaba dada yangu. Piga hesabu kabla hujapanda gari. Mahakama iko mbali kiasi gani na kwako? Ukienda siku moja cherehani inakosa shilingi ngapi? Una karatasi yenye sahihi yao ya kupokea sare? Kama unayo huhitaji kubeba shahidi kila tarehe, na hapo umeshapunguza sehemu kubwa ya gharama. Mimi kosa langu kubwa lilikuwa kukosa hati ya kupokelea vitanda, ndiyo maana nikawa nambeba kijana.

Kwanza andika barua ya madai. Taja kiasi, tarehe ya kupokea mzigo, wape siku 14, na useme wazi kwamba zikipita utafungua shauri na kudai gharama za kila tarehe. Peleka nakala mbili, ya kwako wakusainie. Deni la mkataba lina miaka sita, huna haja ya kukimbia. Waulize pia wasaidizi wa kisheria wa kata yako, wapo kwa sheria ya 2017 na hawatakiwi kukutoza.

Ukiona siku moja ya kwenda haizidi 25,000, hata ukienda mara sita ni 150,000. Nenda. Ukiona inafika 60,000, barua ndiyo silaha yako kubwa, iandike vizuri.

Bi Hati:

Nitumie rasimu hapa hapa, futa majina, nitaipitia bure.

Dada wa Tandika:

Ahsanteni sana. Nimepiga hesabu: nauli 1,400, chakula nabeba kutoka nyumbani, cherehani inakosa kama 18,000 kwa siku. Ni chini ya elfu ishirini. Daftari la kupokelea mzigo ninalo, mwalimu wa stoo alisaini kila furushi.

Barua aliyoipitia wakili nimeipeleka leo asubuhi. Mhasibu aliisoma amesimama, akaenda ndani, akarudi, akanisainia nakala na kugonga mhuri. Kasema nirudi Ijumaa. Daftari la tiketi nimeshanunua.